Kisu cha Mzee Krispin na Kopo la Jamu

Mimi ndiye niliyevunja kisu cha Mzee Krispin.

Nimeikana sentensi hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Nimeikana ofisini, nimeikana harusini, na Kwaresima moja niliikana hata kwa padri, ingawa maskini yeye hakuuliza habari za kisu. Aliuliza kama nina dhambi nyingine, nikasema zimeisha. Aliyebeba lawama ni Ozwald, dereva na mpishi wetu wa safari, ambaye nusu ya Sumbawanga inamwita Mvunjakisu na nusu nyingine haijui kwamba ana jina lingine. Watoto wake waliitwa hivyo shuleni. Zamu ya jumuiya ikifika nyumbani kwake, hutangazwa kanisani kwamba wiki hii tunasali kwa Mvunjakisu, na hakuna anayecheka. Kicheko kilikwisha zamani, likabaki jina.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na tano, magoti yangu yakiwa yamestaafu miaka mitatu kabla yangu. Nilidhani nitaondoka na siri yangu salama. Lakini mwezi uliopita Leokadia, binti aliyerithi meza yangu katika ofisi ya misitu, alinitumia picha kwenye simu. "Shikamoo mama. Nashuka Wampembe na timu mwezi ujao, wiki mbili porini. Hiki kisu kinafaa? Muuzaji anasema kina kazi kumi na mbili."

Nilitazama picha: meno ya msumeno mgongoni, mpini mnene wenye kizibo, dira juu ya kizibo. Nikacheka hadi jirani akaja kuuliza kama kuna habari njema. Kisu hicho, Leokadia, mimi nilikuwa na bibi yake.

Basi haya ninakuandikia wewe na wenzako mlioajiriwa juzi, mnaotaka kujua kisu gani kitawafaa porini bila kuuza shamba. Nilijaribu kuwaandikia ushauri mtupu, bila kisa. Nikashindwa. Kila nilichokijua kuhusu visu kilianzia kwenye kile nilichokivunja.

*

Bibi wa kisu chako nilimnunua Dar es Salaam, siku chache kabla ya kupanda basi kuja kuripoti kazini. Alikuwa mrefu kama mkono wangu toka kiwiko. Ndani ya mpini mlikuwa na sindano, uzi, ndoano mbili za samaki na njiti tano za kiberiti. Ubavuni alikuwa na kifungulio cha kopo. Nilimning'iniza kiunoni siku ya kwanza, nikapanda ngazi za ofisi nikihisi pori lote la Rukwa limeshaarifiwa.

Kwenye ngazi alikaa mzee mmoja akichonga mpini wa jembe. Alinitazama kiuno kabla ya uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda kupigana na nani?"

Huyo ndiye Mzee Krispin, mtambuzi wetu wa miti. Sisi tuliotoka chuo kikuu tulijua majina ya Kilatini ya miti. Yeye aliijua miti. Alinusa ganda, akalitafuna kidogo, akataja jina kwa Kifipa, na mimi nikahangaika na kitabu kwa nusu saa kuthibitisha kwamba hajakosea. Hakuwahi kukosea.

"Hiyo dira inaonyesha wapi?" akauliza.

"Kaskazini, mzee."

Akakichukua kisu akakielekeza upande wa ziwa. Mshale ukageuka nacho. Akakielekeza upande wa Zambia. Mshale ukafuata. Chuma cha kisu chenyewe kilikuwa kinaivuta dira, jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la sita angelifahamu na mimi sikuwa nimelifikiria.

"Kaskazini yako inatembea nawe," akasema, akanirudishia. "Una bahati, Msomi. Hutapotea."

Tangu siku hiyo niliitwa Msomi. Si sifa, msije mkadhani.

Siku ya tatu porini nilikipiga kile kisu kwenye tawi la mti wa msuku, mara moja tu. Bapa likachomoka kwenye mpini, likaruka, likatua ndani ya sufuria ya Ozwald. Mkononi nikabaki na mpini, dira na ndoano mbili.

Ozwald akachungulia sufuria. "Msomi," akasema, "zahanati wanasema tule mboga yenye chuma. Lakini si hivi."

Kifungulio cha kopo nacho kilikuwa ubavuni mwa lile bapa, kimeshapinda. Kikumbukeni hicho kifungulio. Orodha ya vyombo vya safari niliiandaa mimi. Mstari wa "kifungulio cha kopo" niliukata kwa wino mwekundu nikaandika pembeni: *hakihitajiki, kisu changu kinacho.*

*

Sasa mjue kisu chenyewe, kile cha Mzee Krispin.

Kilifuliwa na Fundi Didas, mhunzi wa kijiji kimoja cha juu huku uwandani, kutokana na springi ya gari bovu. Kilikuwa kisu kibaya kukitazama. Cheusi, kifupi, bapa lake halizidi upana wa kiganja na kidole kimoja, mpini wa mti uliokaa mkononi kama kishikio cha mlango wa nyumbani. Ala yake ilikuwa ya mpira wa tairi. Ukimwonyesha mtu wa mjini angekuuliza umekiokota wapi.

Mwaka wangu wa pili kazini ndipo nilipofahamu thamani yake. Mvua ilitukuta kwenye mteremko, siku mbili haikukatika. Hema lilivuja, unga ukalowa, na baridi ya Ufipa mnaijua, haina adabu. Kila kuni niliyogusa ilikuwa inachuruzika. Nikatangaza kwamba moto hauwezekani, kisayansi.

Mzee Krispin aliokota gogo nene kama mkono wa mtu, akalisimamisha, akaweka makali ya kisu juu yake, akaugonga mgongo wa kisu kwa rungu. Gogo likapasuka. Akapasua tena nusu, na nusu ya nusu.

"Shika ndani," akaniambia.

Nikashika. Pakavu kabisa.

"Mti umevaa koti tu, Msomi. Nawe umesalimia koti ukasema umeonana na mtu."

Akachonga vijiti vyembamba vya kile kiini, akivikuna bila kuvikata, kila kijiti kikaota manyoya kama kifaranga. Njiti moja ya kiberiti ikatosha. Tulikunywa chai nikiwa nimenyamaza, hali ambayo Ozwald alisema ni muujiza mkubwa kuliko moto.

Kisu chako cha kazi kumi na mbili, Leokadia, hakiwezi kazi hiyo moja. Ukikigonga, kinakuacha na mpini.

*

Lakini nimeruka. Wakati wa mvua ile kisu kilikuwa tayari hakina ncha yake ya awali. Ncha ilipotea mwaka wa kwanza, katika safari ileile ambayo bapa langu lilirukia mboga.

Tulikuwa tumepiga kambi juu ya Wampembe, mahali ambapo ziwa unaliona chini kama sinia. Kabla hatujaondoka mjini, Mzee Krispin alikuwa ametoa tangazo mbele ya gari. Kisu chake atakayekihitaji aombe. Atakayekivunja atapanda usafiri wa kwanza kurudi Sumbawanga, na yeye mwenyewe ataongea na bwana misitu ili mtu huyo asitumwe porini tena. Alisema akitazama mawingu, lakini wote tulijua kisu kimeelekezwa wapi. Mimi nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio. Nilikuwa pia mwanamke wa kwanza kwenye timu ile, na ofisini walikuwepo watu waliosubiri kwa hamu nirudishwe nikapange mafaili. Neno moja la mzee yule lingewatosha.

Siku ile yeye na Ozwald waliteremka kijijini kuonana na mwenyekiti na kutafuta nyama. Nikabaki kulinda kambi. Kufikia saa sita nilikuwa nimeilinda sana. Kwenye kasha la chakula kulikuwa na kopo moja la jamu ya nanasi, lililowekwa kwa ajili ya Jumapili, na kwenye tawi kulikuwa na ala ya mpira wa tairi. Mzee alikuwa ameshuka kwa heshima ya mwenyekiti, na hakutaka kuingia kwa mtu na kisu kiunoni.

Nilikusudia kuionja tu. Nilitoboa kifuniko. Ncha iliingia kama sindano kwenye kitambaa, nikaona mambo ni rahisi. Kisha, badala ya kutoboa tena pembeni, nikakizungusha kisu ili tundu lipanuke.

Ilisikika *tik*. Sauti ndogo, kama mtu aliyeguna msikitini.

Kipande kikubwa kama punje ya hindi kilibaki kwenye kifuniko cha kopo. Kisu kikarudi mkononi kwangu butu kama ulimi wa mbuzi.

Hapa ndipo elimu ya chuo kikuu huonekana. Nilifikiri kwa haraka na kwa mpangilio. Kopo lililoanzwa ni ushahidi. Kopo lisilokuwepo ni uzembe wa kufungasha. Nikapanua tundu kwa jiwe, nikala jamu yote, kwa kijiko, nikiwa nimesimama. Karatasi ya kopo nikaichoma. Kopo lenyewe, pamoja na ncha ndani ya kifuniko chake, nikalizika hatua ishirini nyuma ya jiko na kulifukia kwa majani. Kisu nikakirudisha kwenye ala, ala kwenye tawi, na mimi kwenye kitabu.

Wakarudi na ubavu wa mbuzi. Ozwald akaomba kisu, mzee akamwashiria tawi. Ozwald akakichomoa, akainama juu ya nyama, akapiga mara mbili. Kisha akatulia. Akakiinua kisu machoni. Akanitazama. Mimi nilikuwa nasoma, na kitabu, nilikuja kugundua baadaye, kilikuwa juu chini.

"Kuna nini?" Mzee Krispin akauliza.

"Mzee," Ozwald akasema taratibu, "nisamehe. Mfupa huu umekula ncha."

Sikuamini bahati yangu. Nilidhani kweli anaamini ni yeye. Nami nikasema, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani, "Pole sana, Mzee Krispin."

Mzee alikipokea kisu, akapapasa palipomeguka kwa kidole gumba. Hakugomba. Alisema tu, "Mvunjakisu," kama anayemtambulisha mtu kwa wageni. Hakumrudisha Ozwald mjini. Ila alimpiga marufuku kukigusa safari ile yote, na kwa siku zilizobaki Ozwald alikata vitunguu kwa panga, akiwa amekaa mbali ili machozi yasimwingie mtu mwingine.

*

Tuliporudi tulikipeleka kisu kwa Fundi Didas ili akitengenezee ncha mpya. Karakana yake ilikuwa kibanda cha nyasi pembeni ya shamba la ulezi, si mbali na tanuru la kale la udongo, refu kuliko mtu, lililoachwa na mababu waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Fundi alikuwa na desturi yake. Hakumtengenezea mtu kisu kabla hajaambiwa cha kwanza kilikufaje. Alisema mganga naye hauzi dawa bila kuuliza maiti alikuwa analalamika nini.

Alikigeuza kisu juani. "Hiki hakikuvunjwa na mfupa," akasema. "Mfupa humega makali. Hapa pamepindwa kwa ubavu."

Nikainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Basi, ulikuwa mfupa wa ubavu," Ozwald akadakia haraka.

Fundi akamtazama Ozwald, akanitazama mimi, akaendelea kuvuta mivukuto. Nilimshukuru Mungu kwa kuniumbia Ozwald mjinga.

Siku hiyohiyo niliagiza kisu changu. Nikaeleza kifo cha kile chenye dira, fundi akacheka mpaka akakaa chini. Nilipokuja kukichukua aliniambia, "Ncha yako nimeinenepesha."

"Kwa nini, fundi?"

"Basi tu."

Kisu hicho ninacho mpaka leo. Nimeshuka nacho Kaoze kwenye joto la bonde, Kasanga kwenye unyevu wa ziwa. Hakijawahi kuvunjika. Gharama yake haikuzidi jogoo wawili, na hicho ndicho kipimo ninachowapa: kisu cha porini kikizidi jogoo wawili wazuri, unalipia picha iliyoko kwenye boksi.

Mengine niliyoyapata kwa Fundi Didas ni haya. Uliza kwanza chuma kinaishia wapi. Kisu kizuri ni chuma kimoja toka ncha mpaka kisogo cha mpini. Mbao zimebanwa tu huku na huku kwa ribiti. Muuzaji akikwambia mkia uko ndani lakini hauonekani, mwambie nayo pesa yako iko ndani lakini haionekani. Weka sarafu mbili pamoja. Unene wa mgongo wa kisu uwe kama huo. Kikiwa chembamba zaidi kitapinda, kinene zaidi unabeba patasi. Mgongo uwe na kona kali, usilainishwe, maana ndio unaokunia maganda ya mti. Meno ya msumeno waachie maseremala.

Kuhusu chuma, watawabishia sana. Kile kisichoshika kutu kinawafaa watu wa ziwani, ingawa kukinoa ni kazi. Kile kinachoshika kutu hunoleka hata kwa jiwe la mtoni, nacho kinataka tu ukifute na kukipaka mafuta ya kula kila jioni, kama unavyompaka mtoto. Mimi nasimama na cha kutu. Kisu ambacho siwezi kukinoa nikiwa nimekaa juu ya jiwe siku ya tisa ni cha kukodolea macho.

Fundi alinionyesha pia kosa la wahunzi wanaoharakisha. Chuma kikitoka motoni kikatumbukizwa kwenye maji na kuachwa hivyo, kinakuwa kigumu kama chupa, na kama chupa kinapasuka. Yeye alikipoza kwenye mafuta, akakirudisha karibu na makaa mpaka kikapata rangi ya mabua makavu ya ulezi. "Kisu kisichokubali kuinama hata kidogo," alisema, "kitavunjika siku usiyoitaka."

Na ala: geuza juu chini, tikisa. Kisu kikidondoka, usinunue, hata wakikupa bure. Wenzenu wamejichoma mapaja.

Mwisho, usikitumie kufungulia kopo. Beba kifungulio. Kina uzito wa barua.

*

Ozwald alistaafu kabla yangu akafungua kibanda sokoni. Bango lake limeandikwa kwa rangi nyekundu: MVUNJAKISU. Chini yake kwa herufi ndogo: *Kilichonishinda ndicho ninachouza.* Mteja akichagua kisu, Ozwald hukichoma kwenye gogo, hukigonga kwa nyundo, hukivuta upande huu na ule. Kikivunjika, hasara ni yake. Kikisalimika, ni chako. Wavuvi wanapanda toka Kasanga kuja kununua kwake na kutazama mchezo. Nilinunua kwake mara nyingi, nikitazama viatu vyangu. Nilijifariji kwamba uongo wangu unamlisha mtu.

Kilichonitesa kilikuwa kingine. Kwenye kila sherehe tuliyokutana, ubatizo, ndoa, kipaimara, Mzee Krispin ndiye aliyeombwa kukata nyama ya kwanza kwa kisu chake. Alipochoka alikipitisha kwa wengine, mkono kwa mkono. Zamu ya Ozwald ilipofika, mzee alikiweka chini. Ozwald akainama akaokota. Miaka yote hiyo hakuwahi kumkabidhi mkononi. Na kila mara nilikuwa nimekaa palepale, nikila.

Kisha wiki mbili zilizopita nilienda kumjulia hali mzee. Ana miaka themanini na kitu, mikono inatetemeka kiasi kwamba kikombe kinafika mdomoni kikiwa nusu. Kisu kilikuwa mezani, kimepakwa mafuta.

"Msomi," akasema, "mimi sitachonga tena. Nimefikiri nani nimwachie. Watoto wangu watakatia mkate. Ozwald, unamjua. Nataka ukichukue wewe. Katika wote niliotembea nao, ni wewe pekee uliyekiheshimu."

Nilitoa kikohozi.

"Njoo Jumapili," akasema. "Nitakukabidhi mbele ya watu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiwa na nauli mfukoni. Nikichukua kile kisu, nitakuwa nimemwibia Ozwald mara ya pili, na safari hii kwa makofi. Nikikataa bila sababu, nitamuumiza mzee. Nikisema ukweli, mzee atajua kwamba alimdhalilisha rafiki yake miaka yote bure, na Ozwald atabaki na bango la uongo sokoni. Ndipo nilipoanza kuandika barua hii, Leokadia. Unaona sasa kwa nini ushauri wa kisu umechelewa.

Nilipofika hapa nikaona siwezi kuwatumia ninyi barua kabla ya kumwambia aliyeumia. Jumamosi saa tano asubuhi nikampigia.

"Haloo, Msomi!" Nyuma yake soko lilikuwa linavuma, na mtu alikuwa anagonga chuma. "Kisu kimekushinda?"

"Ozwald, shikilia kitu. Kile kisu cha Mzee Krispin hukukivunja wewe."

"Ndiyo."

"Nilikivunja mimi. Nilikuwa nafungua jamu."

"Ndiyo," akasema tena. "Enhe?"

"Ulijua?"

"Dada, ulikuwa unasoma kitabu juu chini na una jamu kwenye kidevu."

Nikakaa. "Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu mzee aliapa kumrudisha mvunjaji. Wewe ungerudi. Mimi angenirudisha na nani? Dereva si mimi?"

Nilianza kulia kidogo, kwa namna ya watu waliosoma, yaani nikisema nina mafua. Nikamwambia habari ya Jumapili, kwamba kisu ni haki yake, kwamba nitamweleza mzee hata akinifukuza.

"Subiri," Ozwald akasema. "Niko kwenye spika."

Sauti ya nyundo ikakoma. Ikaja pumzi, halafu sauti niliyoijua.

"Msomi."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jamu haizikwi, mwanangu. Asubuhi yake nilikuta sisimizi wamepanga mstari toka jikoni mpaka nyuma ya jiko. Nikafuata kama mtu anayefuata maandamano. Nikafukua."

"Mzee, ulijua miaka yote?"

"Nikasema ngoja, atasema tukifika mjini. Nikasema atasema Krismasi. Nikaliacha jina limgande Ozwald, nikasema litamuuma Msomi. Nikawa nakiweka kisu chini mbele yake, na yeye anainama vizuri kabisa, anajua kuigiza huyu, na mimi naangalia uso wako. Uso wako, Msomi, ni mgumu kuliko springi. Mwisho nikaona niko karibu na kufa. Nikasema basi nimtishie kwa zawadi."

Nyuma yake Ozwald alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Na bango?" nikauliza. "Ozwald, watu wakisoma ninachoandika..."

"Andika," Ozwald akasema. "Nani atakuamini? Bango liko sokoni, wewe uko kwenye karatasi."

"Kisu nimeshampa," Mzee Krispin akasema. "Hapa, mkononi, watu wanaona. Wewe ncha ndiyo yako. Ninayo kwenye kopo la ugoro tangu siku ile. Njoo kesho uichukue."

"Nitakuja, mzee."

"Na uje na jamu. Ya nanasi."

"Ndiyo, mzee."

"Na kifungulio."